Gurudumu la maharamia limefikaje Tukuyu, na maswali mengine ya wasomaji

Toleo lililopita niliandika aya moja tu, aya moja jamani, kuhusu gemu za adventcha za zamani, zile unamtembeza mtu, anaokota kamba huku na kuku wa mpira kule, anaongea na kila mtu mpaka fumbo linafunguka. Nikasema nilizicheza utotoni kwenye kompyuta ya ofisi moja hapa Mbeya, mhasibu akitoka kwenda kula sisi tunaingia. Nilidhani watajibu watu wawili. Simu imejaa meseji mpaka leo, na karibu wote hawaulizi namna ya kucheza, wanauliza kuhusu vitu vyenyewe: maboksi, makaratasi ya ndani, michoro. Haya, tuanze.

Ugonile mjibu maswali. Mimi ni mwalimu huku Tukuyu. Zamani tuliletewa makatoni ya vitabu kutoka Ulaya, mengine hayakufunguliwa mpaka juzi tulipohamisha stoo. Ndani ya atlasi moja nimekuta viduara viwili vya karatasi ngumu vimebanwa katikati na kipini, ukizungusha sura za watu zinabadilika, juu macho ya huyu chini ndevu za yule, na kuna vidirisha vyenye namba. Wanafunzi wanasema ni kitu cha uganga na mwalimu wa dini naye ameanza kukiangalia vibaya. Hiki ni nini, na nikifanye nini?

Ugonile mwalimu, ndaga fijo kwa meseji. Mwambie mwalimu wa dini atulie, hicho siyo cha mganga, hicho ni kufuli.

Kwa unavyokieleza ni gurudumu la Dial-a-Pirate, lilikuwa linakuja ndani ya boksi la The Secret of Monkey Island, gemu ya Lucasfilm Games ya mwaka 1990. Zamani hiyo gemu inakuja kwenye flopi, zile diski bapa za plastiki, na flopi kila mtu anaweza kukopi, jirani akinunua moja mtaa mzima unacheza. Kampuni zikaona dawa ni kuweka kitu cha karatasi ndani ya boksi. Ukiwasha, gemu inakuonyesha sura ya haramia na kukuuliza huyu alinyongwa lini, tuseme kule Antigua. Wewe unazungusha mpaka nusu ya juu ya uso na nusu ya chini vifanane na wa kwenye skrini, afu unatafuta dirisha la mahali ulipoulizwa na kuandika mwaka uliotokea. Huna gurudumu, huchezi. Ya pili, LeChuck's Revenge ya 1991, nayo ilikuja na gurudumu lake, lile la kuchanganya dawa, sa hilo mwalimu wa dini angelikuta angekuwa na haki kidogo ya kushtuka.

Kilifikaje kwenye atlasi? Sijui mwalimu, ila nahisi mtoto fulani huko alikotoka alikificha mdogo wake asikipate, akakisahau.

Sasa kukitunza, hapo ndo pana kazi maana Tukuyu mnapata mvua kupita milimita 2,000 kwa mwaka, na adui wa karatasi kwenu ni ukungu, siyo jua. Usikianike juani, rangi itapauka na duara litajikunja kama chapati iliyolala. Kiweke kivulini penye upepo siku kavu, kikikauka pangusa ukungu taratibu kwa brashi laini kavu, nje, usivute lile vumbi. Kipini usikitoe hata kama kina kutu, ukikitoa karatasi itapasuka pale pale kwenye tundu. Kitie kwenye bahasha safi, siyo gazeti, gazeti lina asidi na litakiachia umanjano, afu weka mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya vinasaidia. Kuna mtu aliwahi kunishauri mchele badala yake, mchele wa Kyela ni wa kula bwana, unaita wadudu na unaacha unga.

Na zaidi ya yote, nakuomba kama nimepiga magoti: USIPELEKE STESHENARI KULAMINETI. Najua sisi kila kitu tunalamineti, cheti cha ubatizo, risiti ya kiwanja, picha ya babu. Ile plastiki inayeyushwa kwa moto na kushikana na karatasi, haitoki tena, na gurudumu lililolaminetiwa halizunguki. Selotepu nayo hivyo hivyo, baada ya miaka inakuwa gundi ya kahawia.

Mambo vipi bro. Niko Mwanjelwa nafanya mambo ya grafiki. Kuna jamaa ananiuzia mchoro orijino wa kava ya Monkey Island, ule wenye maharamia na mzimu juu, anasema ulitoka kwa mzungu aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni. Anataka laki tatu na nusu. Nichukue?

Poa. Usichukue.

Kava ile ilichorwa kwa mkono na Steve Purcell, yule yule mwenye vibonzo vya Sam & Max, na mchoro orijino maana yake upo mmoja duniani. Ungekuwa unauzwa usingeuzwa laki tatu na nusu na usingekuja kwa bodaboda. Alichonacho jamaa inawezekana ni posta, na posta siyo kitu kibaya, kama ni ya zamani kweli inunue kwa bei ya posta.

Wewe ni mtu wa grafiki kwa hiyo jaribu hii mwenyewe: chukua kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa, angalia sehemu ya anga. Ukiona vidoti vya rangi nne vimejipanga kama viua vidogo, imetoka mashine ya kuchapia, hiyo ni posta au kava. Ukiona vidoti vimetawanyika tu kama ukungu wa dawa ya mbu, imetoka kwenye printa ya wino, inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Rangi ya mkono haina vidoti, ina mipigo ya brashi, ukiinamisha kwenye mwanga unaona mgongo wake. Angalia na nyuma. Kitu kilichokaa miaka thelathini na kitu kina nyuma chafu, kina kona zimelegea, kikiwa kisafi mbele na nyuma jiulize kimekaa wapi muda wote huo.

Na usione aibu, hata wazoefu wanapigwa. Mwaka 2022 wakusanyaji wa maboksi ya gemu za kompyuta huko Ulaya na Marekani walitangaza wamegundua vitu feki vimekuwa vikizunguka kati yao kwa miaka, vikiuzwa na mwenzao waliyemuamini, gemu za miaka ya 1979 na 1980 zile zilizokuwa zinauzwa kwenye mfuko wa plastiki tu. Diski nyingine walipozisoma zilikuwa tupu. Watu walikuwa hawajawahi kuzisoma! Wanaogopa kuziharibu, kwa hiyo wanaziweka kabatini wanaziangalia. Mimi hapo nilicheka afu nikasikitika, afu nikacheka tena.

Kamwene kaka. Nafundisha sanaa za ufundi Iringa, naishi Kihesa. Mdogo wangu ndo anacheza hizo gemu, mimi nilikuwa naangalia tu zile picha za nyuma, misitu, bandari, vyumba, nikawa najiuliza aliyezichora alichora kwenye karatasi? Na kama ni karatasi, ziko wapi leo? Nimetafuta naona watu wanalalamika tu zimepotea. Nani alizipoteza?

Kamwene dada. Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, nivumilie nitaandika mengi.

Kwanza tutenganishe. Kuna picha ambazo hazikuwahi kuwa karatasi. Monkey Island ya kwanza ilichorwa moja kwa moja kwenye kompyuta, pikseli kwa pikseli, skrini ya vidoti 320 kwa 200, toleo la kwanza rangi 16 tu. Kumi na sita dada! Wanafunzi wako wanaanza na kasha la penseli lenye rangi 12 wanalia hazitoshi. Wakitaka rangi ya machweo isiyokuwepo wanapanga kidoti cha hii kidoti cha ile, jicho lako ndo linachanganya. Ukiuliza karatasi yake iko wapi, haipo, faili ndo orijino yenyewe, na faili likipotea hakuna cha kufukua.

Halafu ikaja skana na rangi 256, mambo yakageuka. Kampuni ya Sierra walifanya hivyo kwenye gemu yao ya King's Quest V mwaka 1990, na Lucasfilm kwenye Monkey Island ya pili mwaka uliofuata: msanii anachora mandhari kwa mkono kwenye karatasi kubwa, inapitishwa kwenye skana, inapunguzwa mpaka ienee kwenye skrini, afu mtu anakaa na maus anasafisha vidoti vilivyochafuka. Bandari na vinamasi vya Monkey Island 2 kwa sehemu kubwa ni mkono wa Peter Chan pamoja na Purcell. Kwa hiyo ulichokiona wewe kwenye skrini ya mdogo wako ni kivuli cha mchoro, mchoro wenyewe ulikuwa na mambo mengi zaidi ambayo skana iliyameza.

Sasa karatasi ikishaskaniwa, kwa kampuni kazi yake imeisha. Hapo ndo jibu la "nani" linapoanza, na jibu langu mimi ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyezipoteza. Zilipotezwa na kuhama ofisi. Sierra ilianzishwa na mume na mke, Ken na Roberta Williams, gemu yao ya kwanza Mystery House waliiuza mwaka 1980, wakaja kuweka ofisi Oakhurst, mji mdogo wa milimani California. Wakaiuza kampuni, ikapita mikono, na Februari 1999 ile studio ya Oakhurst ikafungwa, watu wakaambiwa siku moja. Siku kama hiyo unafikiri nani anahesabu makabrasha ya michoro? Unabeba kikombe chako na picha ya mtoto wako. LucasArts nao, yaani ile ile Lucasfilm Games iliyobadili jina, Disney ilinunua Lucasfilm 2012, Aprili 2013 wakafunga kitengo cha kutengeneza gemu.

Mfano unaoniuma zaidi siyo karatasi ila ni kitu kile kile. Westwood wa Las Vegas walitoa gemu ya Blade Runner mwaka 1997, ile picha zake zilikuwa habari ya mjini. Mwaka 2003 studio ikafungwa, vitu vikahamishiwa Los Angeles, na katika kuhama huko faili za asili zikapotea. Waliokuja kuitoa upya mwaka 2022 walilazimika kuanza na gemu ile ile iliyouzwa madukani, kama mtu anayejaribu kurudisha mahindi kutoka kwenye ugali, na wachezaji walilalamika sana.

Upande wa pili kuna Grim Fandango ya 1998, gemu ya LucasArts hao hao. Tim Schafer aliyeiongoza na wenzake walipotaka kuisafisha, ikatoka tena 2015, ikabidi watafute tepu za akiba za zamani, na mashine ya kuzisoma nayo ni shughuli, na sehemu ya vitu ikapatikana kwa sababu watu waliofanya kazi pale walikuwa wameweka nyumbani kwao. Unaona? Kwa sheria kali unaweza kusema hao walichukua mali ya ofisi. Mimi nasema Mungu awabariki.

Na hata michoro ya karatasi iliyopo leo, mingi ipo kwa sababu msanii aliiokoa mwenyewe au rafiki yake aliokota karibu na pipa. Purcell, Chan, watu wa namna hiyo, wakionyesha picha ya mchoro wa zamani mashabiki wanalala macho. Rangi ya makapeni ina tabia mbaya lakini, ikikaa ukutani penye mwanga inakufa, zambarau inageuka kijivu, kwa hiyo mwingine anao mchoro wake na bado umepotea.

Nikupe ya kwangu maana umeuliza nani. Kibanda cha video tulichokuwa tunaenda sisi Mbeya, nje kulikuwa na ubao, kila wiki fundi mmoja anachora filamu ya wiki hiyo kwa rangi ya mafuta, kamando mwenye misuli mpaka kwenye kidevu. Kila wiki anapaka nyeupe juu anachora mpya. Ule ubao ulikuwa mzito kama mlango kwa ajili ya rangi. Na mimi nilikuwa na daftari la kaunta kwa bibi yangu Uyole, nimechora ramani zote za gemu, kila chumba na kila mlango, nilipotoka likizo nikalikuta ukurasa mmoja mmoja limekuwa vikunjo vya karanga. Bibi aliniambia mbona limejaa, nikajua umelimaliza.

Kwa hiyo dada, michoro ya wanafunzi wako ya mtihani unaitunza wapi? Piga picha kabla hujapeleka stoo, kwa mwanga wa dirishani, simu ikiwa imenyooka juu yake, bila flashi.

Nina flopi tatu za gemu za mjomba, Makambako hapa. Zitasoma?

Jaribu, ila fungua kwanza kile kibati usogeze uangalie sahani ya ndani. Ukiona madoa meupe au ya kijivu huo ni ukungu, usiingize, utaharibu diski na kichwa cha mashine kwa mpigo mmoja. Kama ni safi tafuta kisomea flopi cha kuchomeka USB, kopi kila kitu mara ya kwanza tu inapokubali, usianze kucheza. Flopi ni megabaiti 1.44, picha moja ya simu yako haitoshi humo. Na kama shida yako ni kucheza tu hata flopi huhitaji, kuna ScummVM, programu ya bure iliyoanza 2001, inacheza hizi gemu mpaka kwenye simu, na gemu ya Beneath a Steel Sky ya 1994 wenyewe Revolution walioitengeneza waliiachia bure tangu 2003.

Nikumbushe tu, ukicheza Monkey Island ya zamani ukaingia kwenye kisiki msituni, gemu inakwambia weka diski namba 22, afu 36, afu 114. Usiitafute. Ni utani. Walionunua walipiga simu kampuni kulalamika wamepunjwa diski mpaka utani ukatolewa kwenye matoleo ya baadaye.

Kaka mimi nachapa tisheti hapa Sokomatola. Nikipata ile picha ya gurudumu la mwalimu (nimesikia habari zake!) naweza kuichapa nikauza? Si ni ya zamani?

Umesikia wapi, hata sijalitoa hili toleo! Tukuyu hakuna siri.

Hapana. Kuwa na karatasi siyo kuwa na haki ya picha. Mwenye gurudumu anaweza kuliuza, kulitoa zawadi, hata kulila, lakini kuchapa sura zile kwa biashara ni haki ya mwenye kazi, na hapo mwenye kazi ni Disney, siyo mtu wa kukutana naye kwenye kesi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 nayo inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, sa gemu ya 1990 ni kijana bado, ukibisha nenda waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tena hata aliyetengeneza mwenyewe anabanwa, Al Lowe, mzee wa Leisure Suit Larry, mwishoni mwa 2018 aliweka mnadani diski zake mwenyewe zenye msimbo wa gemu, zimekaa kwake miaka thelathini, kampuni ya Activision wakaja juu kwamba haki ni zao na mnada ukasimamishwa.

Chora haramia wako. Mvalishe blanketi la Makete, nitanunua mbili.

Mimi ni mzee wa Njombe, mnaniita mzee basi nitaongea kizee. Mtu mzima anahangaika na boksi tupu la mchezo wa watoto. Hamna kazi?

Shikamoo mzee wangu. Kazi zipo, ndo maana nakujibu usiku.

Boksi halikuwa tupu mzee, kulikuwa na sababu. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom walitengeneza gemu ya upelelezi inaitwa Deadline, ya maandishi tu, haina hata picha moja. Hadithi haikuenea kwenye diski. Wakaamua yaliyobaki wayatie kwenye boksi kama vitu halisi: mahojiano ya polisi, ripoti ya maabara, picha ya chumba alichofia mtu, na vidonge kwenye kimfuko. Wewe mnunuzi unafungua unaona ushahidi mezani kwako kabla hujawasha mashine. Watu wakapenda, wakaendelea. Loom ya 1990 ilikuja na kaseti yenye mchezo wa redio wa nusu saa wa kukuingiza kwenye hadithi, unausikiliza kwanza. Kwa hiyo boksi likikosa makaratasi yake ni kama kitabu kilichonyofolewa kurasa za mwanzo, siyo ganda la sigara.

Nikubali lakini, kuna mahali umetupata. Mwaka 1984 Infocom hao hao walitoa gemu ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, humo ndani kulikuwa na miwani ya karatasi nyeusi isiyopitisha kitu chochote, ya kuvaa ukiona hatari ili usiione, kulikuwa na pamba ya mfukoni, na kulikuwa na kimfuko cha plastiki kitupu kabisa. Maelezo yanasema humo kuna kikosi cha meli za anga, ila ni ndogo mno huwezi kuziona. Leo wakusanyaji wakinunua boksi lile wanauliza: kimfuko kipo? Na kama hakipo, bei inashuka.